Tiba mtandao: chumba ndicho kifaa cha kwanza

WAWEKEZAJI wadogo wanaotaka kuingia katika biashara ya tiba mtandao wanapaswa kuanza hesabu zao kwenye kuta nne za chumba kabla ya kwenda dukani kuulizia bei ya kompyuta na kamera.

Tiba mtandao ni huduma ambayo mgonjwa huwa mahali pamoja na daktari mahali pengine, wakaonana na kuzungumza kwa njia ya picha na sauti. Kwa mwenye fremu iliyo karibu na soko au kituo cha mabasi, biashara hii huonekana nyepesi. Panahitajika meza, kompyuta, intaneti, muuguzi mmoja na daktari anayelipwa kwa idadi ya wagonjwa. Kosa lililo rahisi kufanya ni kumaliza mtaji kwenye mashine, kisha kuziweka katika chumba chochote kilichopo.

Katika zahanati ya kawaida, daktari hurekebisha mwenyewe kasoro za chumba. Mwanga ukiwa hafifu, humsogeza mgonjwa dirishani. Kelele zikizidi, hufunga mlango au huinama asikie. Katika tiba mtandao daktari hana mkono ndani ya chumba kile. Kasoro ambayo hakuna aliyeiondoa kabla ya mgonjwa kuketi humfikia daktari jinsi ilivyo, naye hulazimika kutoa uamuzi juu ya afya ya mtu kwa kutegemea hicho alichokiona na kukisikia.

Somo la wiki hii linaeleza namna ya kutengeneza chumba hicho, gharama ipi itangulie na ipi isubiri, na jinsi hasara ya chumba kibovu inavyoingia katika daftari la mapato.

BIASHARA YENYE HISTORIA

Huduma hii si ngeni duniani. Mwaka 1968, Hospitali Kuu ya Massachusetts katika mji wa Boston, Marekani, iliunganishwa kwa televisheni ya njia mbili na kituo cha tiba kilichokuwa katika Uwanja wa Ndege wa Logan, umbali wa maili 2.7. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Dakta Kenneth Bird. Umbali ulikuwa mdogo, lakini foleni za magari kati ya hospitali na uwanja zilikuwa zikimpotezea daktari muda mwingi. Kamera haikuachwa peke yake na mgonjwa. Kituoni walikuwapo wauguzi waliompokea, wakamweka sawa mbele ya kamera na kumsaidia daktari kupata alichotaka kukiona na kukisikia.

India nayo ilianza mapema. Mwaka 2000 hospitali za Apollo zilianzisha huduma hiyo katika kijiji cha Aragonda, jimbo la Andhra Pradesh. Mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa eSanjeevani, ambao sehemu yake moja humwezesha mgonjwa kwenda katika kituo cha afya kilicho karibu naye, akaketi na mhudumu, na mhudumu huyo akawaunganisha na daktari wa mbali. Mifano yote hiyo ina jambo moja la pamoja, nalo ni mahali palipoandaliwa na mtu anayepasimamia.

Hapa Tanzania, tiba ya kibinafsi kwa ajili ya faida ilipigwa marufuku mwaka 1977 na kuruhusiwa tena mwaka 1991. Tangu hapo wenye mitaji midogo wamejifunza kwamba mgonjwa ni mteja wa aina yake. Mteja wa sukari akipunjwa hulalamika na kurudi. Mgonjwa aliyeona aibu huondoka kimya, asirudi, na huwaambia jirani zake.

SIRI YA MGONJWA

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kutazamwa chumbani ni sauti inayotoka nje. Mama aliyekuja kwa ajili ya ugonjwa wa sehemu za siri, au kijana mwenye wasiwasi wa maambukizi, hatasema ukweli ikiwa anaona vivuli vya watu chini ya mlango. Atataja kichwa na uchovu. Daktari atatibu kichwa na uchovu, na ugonjwa wenyewe utaendelea.

Tatizo hili ni kubwa zaidi katika tiba mtandao kwa sababu sauti ni mbili. Mgonjwa huongea kwa nguvu akidhani daktari yuko mbali, na sauti ya daktari hutoka kwenye spika ambayo muuguzi ameifungulia hadi mwisho. Aliyeketi kwenye benchi la kusubiri husikia maswali na majibu.

Fremu nyingi zilizojengwa kwa mstari mmoja zina ukuta wa tofali unaokomea usawa wa dari. Juu ya dari, nafasi iliyo chini ya mabati huwa wazi kutoka fremu moja hadi nyingine. Ukisimama chini utaona chumba kimefungwa, lakini sauti hupita juu na kuteremka upande wa pili. Dawa yake ni kuupandisha ukuta hadi kwenye bati na kuziba mianya inayobaki. Kugawa chumba kwa pazia au kwa ubao mwembamba huzuia macho tu.

Baada ya ukuta, utazamwe mlango. Mlango wa ubao mzito uliokaa sawasawa kwenye fremu yake, wenye mpira pembeni na kizuizi cha pengo la chini, hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Benchi la kusubiri lisiwekwe mkabala na mlango huo. Redio iliyowashwa kwa sauti ya wastani upande wa kusubiri pia husaidia kuficha maneno yaliyobaki.

Kuna kipimo kisichohitaji mtaalamu. Mtu mmoja aingie chumbani, afunge mlango, asome kwa sauti ya kawaida orodha ya namba 20 alizoziandika ovyo. Mwingine aketi kwenye benchi na karatasi, aandike kila namba anayoisikia. Kisha kipimo kirudiwe, safari hii namba zikisomwa na mtu aliye upande wa daktari na kutoka kwenye spika. Ikiwa aliye nje ameweza kuandika namba zinazolingana na orodha, chumba hakijawa tayari kupokea wagonjwa.

MWANGWI NA KELELE

Sauti inayobaki ndani nayo ina kasoro zake. Chumba chenye sakafu ya vigae, kuta za lipu na dirisha la kioo hurudisha sauti kama tangi tupu. Sikio la mtu aliyemo ndani huzoea mwangwi huo, lakini kipaza sauti huuchukua wote, na daktari hupata maneno yaliyopandana. Mgonjwa akisema "tisa" au "sita", daktari asiposikia sawasawa, historia ya ugonjwa huharibika.

Pazia zito dirishani na dari yenye kufyonza sauti hupunguza mwangwi huo. Zulia halifai, kwa kuwa sakafu ya chumba cha tiba lazima ipigwe deki. Kipaza sauti kiwekwe juu ya meza karibu na mgonjwa, kiasi cha nusu mita, badala ya kutegemea kile kilichomo ndani ya kompyuta.

Mvua juu ya mabati huzima mazungumzo yote. Dari nzuri hupunguza kelele hiyo, ingawa haiimalizi. Pangaboi lenye kugonga na jenereta ya jirani viorodheshwe mapema, na chumba kichaguliwe upande usio na jenereta. Mwenye kupanga fremu atembelee mahali hapo saa za asubuhi, mchana na jioni kabla ya kulipa kodi ya mwaka.

MWANGA NA MACHO YA MGONJWA

Daktari anapomtazama mgonjwa hutafuta dalili zilizo katika rangi. Weupe wa macho uliogeuka manjano huonyesha ini au damu ina matatizo. Ndani ya kope, ulimi na viganja vikipauka, huenda damu imepungua. Midomo na ulimi vikiwa na ubuluu, hewa haitoshi mwilini. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, sehemu hizo ndizo zenye kusema zaidi, kwa kuwa ngozi yenyewe huficha mabadiliko.

Balbu yenye mwanga wa manjano hupaka kila kitu umanjano, hata dalili ya kweli ikapotea ndani yake. Mwenye chumba asome maandishi kwenye boksi la taa. Namba inayofuatwa na herufi K huonyesha rangi ya mwanga. Taa ya 2700K ni ya manjano na inafaa sebuleni. Kwa chumba hiki itafutwe ya kati ya 4000K na 5000K. Namba nyingine huandikwa CRI au Ra, nayo huonyesha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Ya 90 na kuendelea ndiyo inayofaa. Taa zote za chumba ziwe za aina moja, maana kamera huchanganyikiwa upande mmoja wa uso ukiwa wa manjano na mwingine wa bluu.

Kwa kiasi cha mwanga, viwango vya Ulaya kwa vyumba vya uchunguzi hutaja luksi 500 kwa chumba kizima na luksi 1,000 mahali mgonjwa anapochunguzwa. Programu za simu hutoa makadirio ya kutosha kwa kuanzia.

Mahali taa ilipo ni muhimu kama nguvu yake. Taa moja katikati ya dari hutupa kivuli kwenye mashimo ya macho, na hayo ndiyo daktari anayohitaji kuyaona. Taa mbili ziwekwe mbele ya mgonjwa, kulia na kushoto, juu kidogo ya kichwa chake, zikiwa na kifuniko cha kutawanya mwanga ili zisimchome machoni.

Dirisha nalo ni taa. Mgonjwa akiketi dirisha likiwa nyuma yake, daktari ataona kivuli chenye mabega. Mgonjwa alitazame dirisha au liwe ubavuni mwake likiwa na pazia. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, dirisha la mashariki au magharibi huingiza jua kali asubuhi au jioni, kwa hiyo la kaskazini au kusini ni bora.

RANGI YA UKUTA

Wengi hupaka ukuta rangi nyeupe wakiamini ndiyo rangi ya hospitali. Mbele ya kamera, ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi ni kasoro. Kamera hupima mwanga wa picha yote, huuona ukuta unawaka, hupunguza mwanga, na uso wa mgonjwa hugeuka giza. Ukuta wa kijani au wa waridi nao hurudisha rangi yake juu ya ngozi na kuidanganya kamera inapojisawazisha.

Rangi inayofaa ni kijivu hafifu au bluu hafifu, isiyong'aa. Hapo hutokea mgongano, kwa sababu zahanati hupenda rangi ya mafuta inayooshwa, nayo hung'aa. Ufumbuzi ni kugawa ukuta. Sehemu ya chini, hadi kiasi cha mita 1 kutoka sakafuni, ambako mikono na viti hugusa zaidi, ipakwe rangi ya mafuta. Sehemu ya juu, inayoonekana nyuma ya kichwa cha mgonjwa, ipakwe rangi isiyong'aa ya aina inayovumilia kufutwa kwa kitambaa.

Ukuta huo uachwe mtupu. Kalenda, matangazo na rafu za dawa huongeza kazi kwa kamera na kumvuta macho daktari. Matangazo ya bei yakae nje.

Kipimo cha mwanga na rangi nacho ni rahisi. Mtu aketi kwenye kiti cha mgonjwa akiwa ameshika karatasi nyeupe karibu na uso. Aliye upande wa daktari aseme kama karatasi ni nyeupe kweli, au ina umanjano, ubuluu au kijivu. Kisha aliyeketi avute chini kope la jicho na kufungua kiganja. Wekundu wa ndani ya kope usipoonekana, taa zirekebishwe kwanza.

KITI, MEZA NA KAMERA

Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosha. Ndani yake panahitajika kiti cha mgonjwa, kiti cha ndugu aliyemsindikiza, kitanda cha uchunguzi, meza, sinki la kunawia na nafasi ya kupita. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 90, na katikati pabaki duara la mita 1.5 ili mwenye kiti cha magurudumu aweze kugeuka.

Kamera iwe usawa wa macho ya mgonjwa aliyeketi. Kompyuta iliyolala juu ya meza humtazama mtu kutokea chini, ikaonyesha kidevu na dari. Iinuliwe juu ya kistendi. Dirisha lenye uso wa daktari lisogezwe juu ya kioo, chini tu ya kamera, ili mgonjwa anapomtazama daktari aonekane naye akimtazama.

Umbali nao una hesabu yake. Ikiwa kamera iko sentimita 10 juu ya macho ya daktari kwenye kioo, na mgonjwa yuko sentimita 60 kutoka hapo, macho yake huonekana kuteremka kwa zaidi ya nyuzi 9. Huonekana kama mtu anayekwepa. Akisogezwa hadi sentimita 120, pembe hiyo hushuka hadi nyuzi 5 hivi, na haimsumbui anayetazama. Kwa umbali huo pia daktari huona kuanzia kichwa hadi kiuno, pamoja na mikono. Mtu anayeficha maumivu ya tumbo hujionyesha kwa mikono yake.

Kamera ya pili, ndogo, yenye waya mrefu, ndiyo itumike kwa kidonda, koo au mguu. Bila hiyo mgonjwa hulazimika kuinua mguu hadi mezani. Kitanda cha uchunguzi kikae mahali waya huo unapofika, kikiwa na pazia upande wa mlango.

Kiti chenyewe ni sehemu ya kipimo. Shinikizo la damu hupimwa sawasawa mgonjwa akiwa ametulia kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imetua sakafuni bila kukunjwa, na mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo. Stuli isiyo na egemeo, au mkono unaoning'inia, huweza kupandisha namba. Mtu asiye na ugonjwa wa presha anaweza kuanzishiwa dawa kwa kosa la fundi seremala. Kiti kiwe na egemeo, kisiwe na magurudumu, na meza ya pembeni iwe ya urefu unaofaa mkono.

UPANDE WA DAKTARI

Mwekezaji asisahau kwamba vyumba ni viwili. Daktari anayeongea akiwa sebuleni kwake, watoto wakipita nyuma, huivunja siri ileile iliyolindwa kwa gharama upande wa mgonjwa. Mkataba wa kazi useme wazi kwamba daktari atakuwa katika chumba kilichofungwa, chenye mwanga usoni na ukuta mtupu nyuma yake. Mwanzoni mwa mazungumzo kila upande utaje nani yupo chumbani, hata asiyeonekana kwenye picha, na mgonjwa aulizwe kama anaridhia.

Ukutani, mahali anapopaona muuguzi, pabandikwe anwani kamili ya chumba, namba ya simu ya daktari na ya hospitali ya karibu. Mgonjwa akizimia, daktari aliye umbali wa kilometa 400 hawezi kumnyanyua. Anachoweza kufanya ni kumwongoza muuguzi, kwa simu ya kawaida ikiwa intaneti imekatika.

UMEME NA INTANETI

Kompyuta ya mkononi hutumia kiasi cha wati 60, kifaa cha intaneti wati 10, na taa za LED wati 30. Jumla ni wati 100. Umeme ukikatika kwa saa 4, zinahitajika wati-saa 400, na kwa kuwa inveta nayo hula sehemu yake, zihesabiwe 470. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila betri ya asidi haipaswi kukamuliwa zaidi ya nusu. Hubaki 600, nazo zinatosha. Akiongeza pangaboi la wati 60, mahitaji hupanda hadi 750 hivi, na betri moja haitoshi tena. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua.

Kwa intaneti, picha nzuri huhitaji kiasi cha megabiti 1.5 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho kurudi. Kasi ya kwenda ndiyo hupungua katika laini nyingi, nayo ndiyo hubeba picha ya mgonjwa, kwa hiyo ndiyo ipimwe, tena saa za shughuli. Mazungumzo ya dakika 20 kwa kasi hiyo hula takriban megabaiti 450. Wagonjwa 16 kwa siku ni gigabaiti 7.2, na kwa siku 26 za kazi ni takriban 187. Mwenye kupanga gharama kwa kifurushi cha simu ya nyumbani atakwama wiki ya kwanza.

Jambo jingine ni kuchelewa kwa sauti. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Setilaiti zilizo kilometa 36,000 juu ya Ikweta hulazimisha ishara kusafiri kilometa 72,000, sawa na milisekunde 240 hata kabla ya mitambo kufanya kazi yake. Matokeo yake ni watu wawili kukatizana maneno. Laini ya waya au mnara wa karibu ni bora panapowezekana. Picha ikisumbua, izimwe na sauti ibaki, maana sauti haihitaji hata sehemu ya kumi ya kasi ya picha.

HESABU YA FAIDA NA HASARA

Chukua mfano wa chumba kinachofanya kazi saa 8, yaani dakika 480. Kila mgonjwa huhitaji dakika 20 za daktari na dakika 10 za maandalizi na usafi. Nafasi ni 16 kwa siku. Tuseme ada ni Sh. 10,000, nusu kwa daktari na nusu kwa mwenye chumba. Mapato ya chumba yatakuwa Sh. 80,000 kwa siku.

Sasa tuseme katika nafasi hizo 16, nne hupotea kwa sababu sauti haikusikika, picha ilikuwa giza au mgonjwa alipaswa kurudiwa bila malipo. Hubaki 12, sawa na Sh. 60,000. Hasara ya Sh. 20,000 kwa siku ni Sh. 520,000 kwa mwezi wa siku 26. Ikiwa kupandisha ukuta, kubadili mlango, kupaka rangi na kufunga taa kunagharimu Sh. 2,600,000, fedha hizo hurudi katika miezi 5. Kamera ya bei kubwa zaidi katika chumba kilekile isingerudisha hata nafasi moja, kwa kuwa kasoro haikuwa kwenye kamera.

Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mmoja aweke zake. Njia ya hesabu haibadiliki. Hesabu nafasi zinazolipwa, kisha tafuta ni kasoro ipi inayozila.

Mwenye eneo kubwa kidogo anaweza kutenga kona ya maandalizi ambako mgonjwa hutulia dakika 5 na kupimwa uzito, joto na presha na mhudumu wa pili. Chumba cha kamera hubaki na dakika 20 za daktari na 3 za kubadilishana. Nafasi hupanda hadi 20. Namba za vipimo ziandikwe kwenye karatasi, zisitangazwe mbele ya waliopo.

SHERIA NA MIKATABA

Chumba cha nyuma ya duka la dawa hakigeuki kituo cha tiba kwa kuwekewa kompyuta. Leseni ya kuuza dawa ni nyingine na usajili wa kituo cha tiba ni mwingine. Kwa Tanzania Bara, vituo vya binafsi viko chini ya sheria ya hospitali binafsi inayosimamiwa na Wizara ya Afya, na daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwekezaji apate maelekezo ya mamlaka hizo kabla ya kuinua ukuta, kwa sababu mkaguzi anaweza kudai vipimo tofauti vya chumba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na wanaokusanya taarifa wanatakiwa kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na ya afya ya kidijitali ya mwaka 2023. Kwa lugha ya biashara, siri inayovuja kupitia ukuta au kompyuta ina gharama mbili, ya mteja aliyepotea na ya sheria.

Mikataba na kampuni za mitandao nayo ihitaji tahadhari. Nchini Rwanda, huduma ya Babyl iliyoanza mwaka 2016 ilifungwa mwaka 2023 baada ya kampuni mama ya Uingereza, Babylon, kuanguka kifedha. Aliyejenga huduma yake juu ya kampuni moja huanguka nayo. Ukuta, mlango, taa na kiti havina mwenye programu. Chumba kilichotengenezwa vizuri kinaweza kupokea daktari wa kampuni yoyote, na biashara ikishindikana kabisa bado ni chumba kizuri cha uchunguzi cha kukodisha.

MPANGILIO WA MATUMIZI

Kwa mwenye mtaji mdogo, utaratibu wa kutoa fedha uwe hivi:

1. Usajili na ushauri wa mamlaka.
2. Ukuta hadi kwenye bati, dari na mlango.
3. Taa na rangi ya ukuta.
4. Kiti, meza, kitanda na sinki.
5. Kipaza sauti, spika na laini ya intaneti.
6. Betri na inveta.
7. Kompyuta na kamera za daraja la kati.
8. Vifaa vya ziada, baada ya mapato ya miezi 6.

Kabla ya kufungua, kifanyike kipimo cha namba 20 na cha karatasi nyeupe, na daktari atakayefanya kazi hapo ndiye awe upande wa pili. Vipimo hivyo virudiwe kila mwezi, na kila mara samani inapohamishwa, taa inapobadilishwa au jirani mpya anapohamia.

Mwenye chumba pia aketi mwenyewe kwenye kiti cha mgonjwa kwa dakika 20, mlango ukiwa umefungwa, na amweleze daktari ugonjwa ambao asingependa jirani yake aujue. Akijikuta anapunguza sauti au anageuka kuutazama mlango, arudi kwa fundi kabla ya kupokea ada ya mtu yeyote.